Karoti Katika Pilau ya Harusi

Mwanamke aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Bi Pindo hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Alikuwa mshonaji tangu ujana wake, na jina hilo alilipata kwa sababu hakuweza kumwona mtu amevaa gauni lenye pindo lililopanda upande mmoja akanyamaza. Angekusimamisha hata njiani, akapiga goti, akachomoa sindano kwenye kola ya blauzi yake na kukushonea hapo hapo, huku ukimsihi akuache uwahi kazini. Lakini juma lile la kumpokea mkwe, aliogopa mpaka vidole vikasahau kazi.

Mwanawe wa pekee, mfamasia, alikuwa anaoa. Binti aliyempata alikuwa mwalimu wa lugha, mgeni kutoka nchi ya mbali yenye milima na theluji, na juu ya binti mwenyewe Bi Pindo hakuwa na neno. Alikuwa mcheshi, mchapakazi, na Kiswahili alikisema bila haya hata pale alipokosea. Shida ilikuwa mama yake. Mama huyo alikuwa anakuja majuma matatu kabla ya harusi, afikie kwa Bi Pindo na alale chumba cha pili, na Kiswahili hakujua hata "ndiyo". Bi Pindo naye lugha ya kule hakuwahi kuisikia.

"Tutaongea nini sisi?" alimuuliza mwanawe.

"Mtazoeana, mama."

"Kuku na bata nao huzoeana, lakini hujawasikia wakipiga soga."

Mgeni akafika. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, kitambaa cha maua kichwani, na mizigo yake ilikuwa mizito kana kwamba kabeba nusu ya milima ya kwao. Alimkumbatia Bi Pindo mlangoni, akambusu mashavu, akamwambia maneno mengi matamu ambayo Bi Pindo aliyajibu kwa "asante, asante, karibu, asante" hadi pumzi ikamwishia.

Asubuhi iliyofuata watoto walikwenda makazini, wakabaki wawili. Walikunywa chai. Walitabasamu. Walitabasamu tena, mpaka mashavu yakauma. Bi Pindo akaona adabu inamtaka aseme kitu.

"UMELALA VIZURI?" akapaza sauti, kana kwamba mgeni ni kiziwi. Mgeni akamkodolea macho. Bi Pindo akaweka viganja pamoja, akalaza shavu juu yavyo na kufumba macho ili aeleweke.

Mgeni akaelewa kwa namna yake. Akainuka kwa huruma, akamshika mwenyeji wake mkono, akampeleka chumbani, akamlaza kitandani, akamfunika blanketi mpaka kidevuni na kufunga mlango taratibu. Bi Pindo akalala chali akitazama dari, jua limeshapanda, cherehani inamsubiri, naye haamki kwa kuona aibu kumvunja mgeni moyo.

Alipoona muda umetosha kwa mtu kuhesabiwa kuwa amepumzika, alitoka. Akamkuta mgeni jikoni ameinamia debe la mchele. Alikuwa ameuchota kiganjani, anauchuja kati ya vidole, ananusa, anang'ata punje moja. Aligeuka, akaonyesha mchele, akauliza:

"Palov?"

Bi Pindo akasimama wima. "Umesemaje?"

"Palov."

"Pilau!"

"Palov!"

"Pilau! Pilau, mama weee!" Wakashikana mikono wakaruka-ruka jikoni kama wasichana wa shule waliofaulu mtihani, kila mmoja akilitaja kwa ulimi wake, mpaka jirani wa ukutani akagonga kuuliza kuna heri gani.

Siku hiyo hiyo wakaenda sokoni. Mgeni alichagua nyama ya kondoo mwenyewe. Kwa muuza viungo alitia pua kwenye kila mfuko, na alipofika kwenye bizari nyembamba, ile ambayo wengine huiita jira, akapiga ukelele. "Zira!"

"Jira," alisema Bi Pindo.

"Zira," alisema mgeni, na macho yakamlenga machozi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

Mpaka hapo mambo yalikuwa sukari. Yaliharibikia jikoni.

Kwanza, mgeni hakuuliza ni nani anayepika. Alikunja mikono ya gauni, akashika kisu. Bi Pindo akasema moyoni, mgeni ni mgeni, mwache. Pili, mgeni akatoa karoti. Si moja ya kupambia sahani, bali rundo zima, akazikata vijiti vyembamba mpaka zikajaza beseni. Bi Pindo akadhani ni za kachumbari. Zilipomwagwa zote sufuriani juu ya nyama na vitunguu, alishika kifua.

Pilau ya Bi Pindo ilikuwa na sheria zake, na alizirithi kwa mama yake. Kitunguu kikaangwe mpaka kiwe cha rangi ya mbao ya zamani. Iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, jira. Nyama ichemke, supu yake ndiyo iupikie mchele. Na mchele ugeuzwe mara moja au mbili kwa upole, ili wa chini upande juu na wa juu ushuke chini. Huyu mwenzake aliutandaza mchele juu ya nyama na karoti kama anayetandika kitanda, akamimina maji kupitia mgongo wa kijiko ili tabaka lisivurugike, akazika ndani yake kichwa kizima cha kitunguu saumu na maganda yake, kisha akafunga mikono na kungoja.

Bi Pindo alivumilia. Alivumilia tena. Mwishowe mkono wake wenyewe, bila kumwomba ruhusa, ukachukua mwiko na kuupeleka sufuriani.

Paa! Mgeni akampiga kwa kijiko kwenye kiungo cha mkono.

Bi Pindo aliutazama mkono wake, akaitazama sufuria yake, akalitazama jiko lake mwenyewe alilolinunua kwa kushona sare za shule. Akauweka mwiko chini, akaenda kwenye cherehani, akakalia kiti, akashona mshono uliopinda kwa mara ya kwanza tangu apewe lile jina.

Kama mambo yangeishia hapo yangeishia pazuri, lakini mchana ule akaingia wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Watu walimwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Redio alifunua sufuria, akaona wali wa rangi ya machungwa, akafunika haraka kama aliyemchungulia mtu bafuni.

"Wifi, nini hiki?"

"Pilau ya kwao."

"Pilau gani hii yenye karoti? Huyu kapikia watu au sungura?" Akashusha sauti. "Na mbona uso wako umekunjamana hivyo?"

Bi Pindo hakutaka kusema, lakini akasema. Redio akapiga makofi ya mshangao. "Umepigwa? Jikoni kwako? Na mkwe?" Hakungoja kikombe cha chai. Kabla jua halijageuka, ukoo mzima ulikuwa umesikia kwamba mama wa bibi harusi ana mkono mwepesi, na kwamba kwenye harusi watu watalishwa karoti.

Jioni watoto waliporudi, walikuta nyumba imenuna. Redio alikuwa amerudi pia, asipitwe na taarifa. Wakakaa mezani watano, sinia la wali wa machungwa katikati, hakuna anayetia mkono.

"Mimi nauliza kitu kimoja tu," alianza Redio, akimgeukia binti. "Wewe mwalimu wa lugha. Tuambie pilau maana yake nini, na mwenyewe ni nani, ili ijulikane nani anaharibu."

Binti akacheka kidogo. "Shangazi, hapo wasomi wenyewe hawajaelewana. Wengi wanasema neno limetawanywa na Waajemi. Wao wanasema polo. Waturuki wanasema pilavu, Wahindi pulao, sisi palov, nyinyi pilau. Halafu wapo wanaosema Waajemi nao walilichukua kwa Wahindi wa kale, kwenye neno lililokuwa na maana ya donge la wali."

"Donge!" Redio akaruka. "Mimi nikitoa donge kwenye harusi ya mpwa wangu, nahama mji!"

"Ndiyo hapo," alisema binti. "Jina linaweza kuwa lilitoka kwenye donge, lakini kila anayeipika leo atakwambia punje zisishikane. Hata kwenye vitabu vya mapishi vya Waarabu vya karne nyingi zilizopita, mchele unaivia kwenye supu na mafuta, na kila punje inasimama peke yake."

"Na nani aliipika wa kwanza?" aliuliza mfamasia.

"Kila taifa lina hadithi yake, na kila hadithi inasema ni sisi."

Hapo hata Bi Pindo akatabasamu, ingawa alijizuia. Akamwambia binti, "Muulize mama yako. Kwake yeye pilau maana yake nini?"

Binti akauliza. Mgeni akafikiri, akifuta meza kwa kiganja ingawa haikuwa na uchafu, kisha akajibu kwa maneno machache.

"Anasema ni wali wa watu. Ukiwa peke yako, kula mkate. Ukiona mtu anawasha moto wa palov, ujue kuna anaowangoja."

Mtu mwingine angeacha mambo yapoe, lakini Redio hakuumbwa hivyo. "Vizuri sana. Sasa mwulize na kwa nini kampiga wifi yangu."

Binti akamgeukia Bi Pindo. "Mama? Amekupiga?"

"Kidogo," alisema Bi Pindo, akitazama pembeni. "Kwa kijiko. Nilitaka kukoroga."

Binti alipomtafsiria mama yake, uso wa mgeni ukabadilika rangi. Hakujua kabisa kwamba jambo lile lilikuwa limeingia moyoni. Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na mwiko, ule mkubwa wa mbao. Akamkabidhi Bi Pindo kwa mikono miwili. Kisha akakunja mkono wa gauni, akaunyoosha mkono wake juu ya meza, akangoja.

Mfamasia akasema, "Mama, usi—"

Paa! Bi Pindo alipiga. Si kwa nguvu, lakini si kwa mzaha mtupu pia. Mgeni akausugua mkono, akamtazama, akaangua kicheko cha kichwa kutupwa nyuma, na Bi Pindo naye hakuweza kujizuia. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Redio aliwatazama kwa masikitiko ya mtu aliyeharibikiwa na habari nzuri.

Ndipo Bi Pindo akauonja ule wali. Ulikuwa umepoa, lakini karoti zilikuwa zimelainika na kuachia utamu wake, na kile kitunguu saumu kilikuwa laini ukikikamua kama siagi. Alijaza sahani.

Ikaamuliwa kwamba harusini ziwe sufuria mbili. Redio angepika pilau ya nyumbani, na mama wa bibi harusi palov yake.

Siku zilizofuata zilikuwa nyepesi. Mgeni alivuta kiti karibu na cherehani akawa anatoa nyuzi za mishono ya muda, na wakiwa wamekaa hivyo maneno yakaanza kujitokeza kama mbegu zilizosahauliwa ardhini. Bi Pindo aliposema "sabuni", mgeni alisema "sovun". Asali kwao ilikuwa "asal". Dunia ilikuwa "dunyo", na kitabu "kitob". Siku Bi Pindo alipokata uzi wa mwisho wa gauni la harusi akasema, "Tayari!" mgeni alishika kichwa. "Tayyor!" alisema, akionyesha gauni. Kumbe ni lile lile. Tangu hapo kila kitu kikawa tayari. Chai tayari, maji ya kuoga tayari, hata paka wa jirani akipita dirishani wakamwambia tayari. Bi Pindo alimweleza mwanawe kwamba yeye sasa anajua lugha mbili.

Zilipobaki siku chache, balaa likaja kwa njia ndogo kama kawaida yake. Mgeni alikuwa anaosha ngazi ya nyuma, akakanyaga povu, akaangukia mkono. Hospitali walisema hakuna mfupa uliovunjika, ni kuteguka, lakini mkono ufungwe na usinyanyue chochote. Alirudi nyumbani mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa chake cha maua, akakaa kwenye kitanda, akalia. Alilia bila sauti, machozi yakitiririka tu.

"Si maumivu," binti alimwambia Bi Pindo mlangoni. "Ni palov. Mimi ni mtoto wake wa pekee. Kabla hajafa, baba alikuwa akimtania kwamba siku nikiolewa, mama atawanyang'anya wapishi mwiko. Anasema amevuka nusu ya dunia kuja kukaa kwenye kiti."

Redio, aliyekuwa amekuja kumpa mgonjwa pole, alishusha pumzi. Kwa haki, hakusema kwa ubaya. "Basi tupike yetu peke yake. Ndivyo Mungu alivyopanga."

"Nitapika mimi," alisema Bi Pindo.

"Utapika nini?"

"Hiyo ya kwao."

"Wewe! Na karoti?"

"Na karoti, wifi."

Asubuhi ya harusi, uani kulikuwa na majiko mawili na sufuria mbili ambazo mtoto mdogo angeweza kujificha ndani. Kwenye moja alisimama Redio na wapwa zake, viungo vikinukia mpaka barabarani. Kwenye ya pili alisimama Bi Pindo, aproni juu ya nguo ya zamani, na pembeni yake, kwenye kiti cha jikoni, alikaa mgeni mkono shingoni kama jemadari aliyejeruhiwa.

Karoti zilikatwa na majirani, na mgeni alizikagua, akazirudisha zile nene. Nyama ikakaangwa. Kidole cha mgeni kilionyesha, Bi Pindo akafuata. Jira akaisugua kati ya viganja kabla ya kuinyunyiza, kama alivyomwona mwenzake akifanya. Mchele akauosha mpaka maji yakawa safi kama ya kunywa, akautandika, akamimina maji kwa mgongo wa kijiko, akafukia vile vitunguu saumu. Kisha ikaja sehemu ngumu kuliko zote, ya kutofanya kitu.

Maji yalichemka. Yakapungua. Sufuria ikaanza kuguna chini, na pua ya Bi Pindo, pua ya miaka mingi ya kupika, ikamwambia kwamba chini kunaungua. Kule kwa pili Redio alikuwa anageuza mchele wake kwa madaha, makusudi, aonekane. Mkono wa Bi Pindo ukaushika mwiko.

Mgeni hakuinua sauti. "Sabr," alisema.

Bi Pindo akageuka. "Umesema subira?"

"Sabr," mgeni alirudia, akimpigapiga goti kwa mkono mzima. Hilo nalo halikuhitaji mkalimani.

Mgeni akainuka, akachukua kijiko, akagonga ubavu wa sufuria. Sauti ikawa nzito, ya kitu chenye maji. Akatikisa kichwa. Wakangoja. Akagonga tena. Wakangoja tena, Bi Pindo amebana midomo, jasho linamtoka, wapwa wamesahau kazi yao wanawatazama. Alipogonga mara nyingine, sauti ilikuwa nyepesi, kavu, kama mlango wa chumba kitupu. Mgeni akaonyesha ishara ya moto kushushwa. Kwa mpini wa mwiko Bi Pindo akatoboa vitundu vichache mvuke utoke, akafunika, akabana mfuniko kwa kitambaa safi. Baadaye, mgeni alipotingisha kidevu, akafunua.

Mvuke ukampiga usoni. Ulipotawanyika, aliona wali umesimama, punje moja moja, unang'aa kwa mafuta. Hakuna kilichoungua. Mgeni alichota kidogo kwa vidole vya mkono mzima, akatafuna macho yamefumbwa. Alichelewa kuyafumbua. Bi Pindo alisimama pale kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Tayyor," alisema mgeni, na safari hii machozi yalimtoka akiwa anacheka.

Watu walikula. Walikula pilau ya Redio wakaisifu, nayo ilistahili, maana Redio kwa mapishi alikuwa hana mpinzani. Walikula na ile nyingine, mwanzo kwa uangalifu, wakiigeuza kwa kijiko kama wanaotafuta kitu, kisha bila uangalifu kabisa. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alizichanganya zote mbili kwenye sahani moja, akaulizwa kama amekosea, akajibu kwamba tumboni hakuna kuta. Redio alionekana akila sahani ya wali wa machungwa nyuma ya turubai. Alipofumaniwa alieleza kwamba anachunguza. Baadaye alikwenda kuchunguza tena.

Bibi harusi alipoletewa sahani yake, alikula kijiko cha kwanza, akaiweka sahani chini. Kisha akainuka na gauni lake lote, akapita kati ya meza, akamkumbatia mama yake kwanza, halafu Bi Pindo, akamwambia sikioni, "Mama, ni yenyewe. Ni ya nyumbani." Bi Pindo alimnyooshea bega la gauni tu, ingawa lilikuwa limenyooka.

Alasiri, maharusi walipokwisha kuondoka kwa vigelegele, wale wakwe wawili walijikuta kwenye benchi la kando ya ukuta, viatu wamevua, miguu imevimba, sinia la masalio limewekwa kati yao. Mgeni alidokoa punje mbili tatu. Akasema kitu kirefu. Bi Pindo akamjibu kwa kirefu vilevile, kwa Kiswahili, kuhusu marehemu mumewe na jinsi ambavyo angeifurahia siku ya leo, na mgeni akaitikia mahali panapopaswa kuitikiwa. Taratibu kichwa cha mgeni kikalemea, kikatua juu ya bega la Bi Pindo, na pumzi zake zikawa ndefu.

Ndipo wazee wa ukoo wakaanza kuja kuaga. Adabu ilitaka Bi Pindo asimame, awasindikize mpaka langoni mmoja mmoja. Hakusimama. Aliweka kidole midomoni, akawapa mkono akiwa amekaa, akanong'ona safari njema, msalimie nyumbani, mtuwie radhi. Nao wazee, mmoja baada ya mwingine, wakainama kumpa mkono pale alipokaa, wakaondoka kwa kunyata.